Nyumba na Vyombo Vyake: Kibao cha Feni Chini ya Kompyuta



Ndugu wasomaji wetu, katika barua tulizozipokea mwezi uliopita imo moja itokayo Ngamiani, Tanga, ambayo tuliisoma mara mbili kabla ya kuiweka mezani. Mwandishi wake ni mama auzaye vitumbua asubuhi na kushona nguo jioni, naye ana binti anayemaliza masomo ya chuo. Nyumbani mwao mna kompyuta mpakato moja tu, nayo waliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Tangu kaskazi ianze, asema mama huyo, kompyuta ile hupata moto chini yake hata haigusiki, feni yake ya ndani hulia kama kinu cha kusaga, kisha huzimika yenyewe. Mara mbili binti yake amepotelewa na kazi ya usiku mzima, na zimebaki wiki 3 tu apeleke kazi yake ya mwisho kwa walimu wake.

Hayo peke yake yalikuwa mashaka ya kutosha, lakini yakazaa mengine. Baba wa nyumba alipoona kompyuta imezimika mara ya pili alisema kuwa imeharibiwa na sinema za usiku. Binti akajibu, "Wallahi, baba, sikutazama sinema, nilikuwa nikiandika." Baba hakusadiki, akaichukua kompyuta akaifungia kabatini. Siku ya pili mama akaenda kwa muuzaji wa vifaa vya umeme, naye akamwambia dawa ya maradhi hayo ni kibao chenye feni cha kuwekwa chini ya kompyuta, bei yake shilingi 45,000, na akikinunua basi tatizo limekwisha. Katika kibubu cha mama zimo shilingi 50,000. Basi atuuliza: "Ndugu zangu, nikivunje kibubu? Na je, mwanangu ni mkosa?"

Sisi twaona kuwa maswali haya mawili ni ndugu. Muuzaji amehukumu kuwa kibao chake kitaponya, na baba amehukumu kuwa bintiye ameharibu, wala hapana hata mmoja kati yao aliyepima kitu. Kwa hiyo tuliona si haki kumjibu mama kwa maneno matupu kutoka mezani petu. Mmoja wetu alikuwa na safari ya Tanga, tukamkabidhi shauri hili alitazame kwa macho yake, na haya tuandikayo ndiyo aliyoyapata.

Kwanza yapasa kujua joto hili hutoka wapi. Umeme wote uingiao katika kompyuta, karibu wote huishia kuwa joto. Kompyuta mpakato nyingi za nyumbani huja na chaja ya wati 45 au 65, na ikifanya kazi nzito hutoa joto lipatalo lile la balbu za zamani za wati 60, ambazo sote twakumbuka jinsi zilivyounguza vidole. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka katika prosesa, kijipande kidogo kisichozidi ukucha, ambacho ndicho ubongo wa chombo chote.

Ili ubongo huo usiungue, waundaji wameuwekea njia ya kutolea joto. Juu yake hukaa bamba la shaba, na kutoka hapo huenda mrija wa shaba uliozibwa pande zote, ambao ndani yake mna maji machache mno. Upande wa moto maji hayo hugeuka mvuke, mvuke ukaenda upande wa baridi, ukarudi kuwa maji na kuliacha joto lake huko. Mrija wa namna hii ulionyeshwa kazi yake na George Grover katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963. Mwisho wa mrija huo zimepangwa bati nyembamba kama kurasa za kitabu, na feni ndogo ya ndani huvuta hewa, aghalabu kwa matundu ya chini, na kuipuliza baina ya kurasa hizo hata ikatoka ubavuni au nyuma.

Basi mambo mawili huharibu mpango huu mzuri. La kwanza ni kuziba matundu ya chini, kama afanyavyo mtu aiwekaye kompyuta juu ya godoro, mto au zulia. La pili ni vumbi. Feni ivutayo hewa mwaka baada ya mwaka huvuta pia vumbi la barabarani, nyuzi za nguo na nywele, na yote hayo hunasa baina ya kurasa za bati na kushikana kama kipande cha sufi. Hapo feni itazunguka kwa nguvu zake zote na kelele zake zote, lakini hewa haipiti. Prosesa ikifika kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni nyuzi 100 za Selsiasi au karibu yake, hupunguza mwendo ili kujinusuru. Joto likizidi kupanda, kompyuta hujizima. Kwa hiyo kule kuzimika ni kinga iliyowekwa makusudi, wala si ushahidi kwamba mtumiaji amefanya maovu.

Sasa tukitazame kibao chenyewe. Ni bamba la plastiki na wavu wa chuma, lina feni 1, 2 au hata 6, na huchomekwa katika tundu la USB la kompyuta yenyewe. Tundu la USB la namna ya pili hutoa volti 5, na nguvu isiyopita wati 2.5. Hapo mwenye akili ataona kuwa feni hizo haziwezi kuwa na nguvu za ajabu. Tena iko kanuni nyingine ambayo muuzaji aghalabu haitaji: feni haitengenezi baridi, bali husukuma hewa iliyopo. Chumba kikiwa na nyuzi 31, upepo wa feni ni wa nyuzi 31. Mtungi wetu wa udongo hupoza maji yakawa baridi kuliko chumba, kwa sababu maji hutoka jasho katika udongo, yakakauka na kuondoka na joto. Kibao cha feni hakina maji wala jasho, basi hakiwezi kuipoza kompyuta ikawa chini ya joto la chumba. Na mtu asije akasikia habari ya mtungi akaweka kitambaa kilicholowa chini ya kompyuta, kwani huko ni kuialika hasara, na pengine hatari ya umeme.

Alipofika Tanga mwenzetu alikwenda kwanza kwa muuzaji. Tunamshukuru mtu yule, kwani hakuona vibaya, bali alikubali kibao kichukuliwe kwa siku 2 kwa rehani. Kisha mwenzetu akaenda kwa baba wa nyumba, akamwomba kompyuta itolewe kabatini kwa ajili ya majaribio. Baba akaitoa, ingawa hakuacha kusema, "Haya, pimeni, lakini mimi najua niliyoyaona."

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Jioni ya kwanza mwenzetu alikiweka kibao chini ya kompyuta, akaziwasha feni, na baada ya nusu saa akapitisha kiganja chini ya kompyuta. Akakuta ubaridi kama wa ukuta wa msikiti wakati wa Alfajiri. Akatuletea habari kwa simu usiku ule kuwa kibao ni kizuri na mama akinunue, nasi tukafurahi, tukakaribia kuandika hivyo. Lau tungaliandika, tungalimtoa mama yule shilingi 45,000 kwa ushahidi wa kiganja.

Asubuhi yake akakumbuka kuwa kiganja hugusa gamba tu, na ugonjwa uko ndani. Akaweka katika kompyuta ile programu ya HWMonitor, ambayo hupatikana bila ya malipo na husoma vipimajoto vilivyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Kisha akaipa kompyuta kazi moja nzito ya hesabu, ile ile kila mara, kwa nusu saa, katika chumba kimoja, na kipimajoto cha ukutani kikisoma nyuzi 31. Baina ya jaribio na jaribio aliiacha ipoe. Nasi twaandika aliyoyaona kama alivyoyaona.

Juu ya godoro, mahali alipozoea kukaa binti usiku, prosesa ilifika nyuzi 100, ikapunguza mwendo, na kabla ya robo saa kompyuta ikazimika. Juu ya meza tupu ilisimama katika nyuzi 96. Akachukua vifuniko viwili vya chupa za maji, akaviweka chini ya pembe mbili za nyuma ili kompyuta inyanyuke kidogo, ikashuka hadi 93. Akaviondoa, akakiweka kibao bila ya kuziwasha feni zake, ikawa 93 vile vile. Akaziwasha feni, ikawa 90.

Tafadhali msomaji uitazame hesabu hii, kwani ndani yake mna jawabu kubwa. Kibao kilipunguza nyuzi 6. Lakini katika hizo 6, 3 zilitokana na kunyanyuliwa tu, jambo ambalo vifuniko viwili vya chupa vililifanya bila ya senti moja. Feni zenyewe, ambazo ndizo zinazolipiwa, zilileta 3 tu. Na ile baridi ya gamba iliyotudanganya jioni ilikuwapo, lakini ndani ya kompyuta mlikuwa na nyuzi 90.

Siku ya pili kompyuta ilipelekwa kwa fundi. Alipofungua mfuniko wa chini kwa bisibisi, baba wa nyumba alikuwa amesimama pale pale. Baina ya feni na zile kurasa za bati pakatoka bamba la vumbi lililoshikana, nene kama kitambaa cha blanketi, lililochanganyika na nyuzi za rangi nyingi. Mama akazitambua mara moja. Zilikuwa nyuzi za vitambaa vyake vya kushonea, maana cherehani na kompyuta hukaa chumba kimoja. Fundi akalitoa vumbi, akafuta uji wa zamani uliokauka baina ya prosesa na bamba la shaba, akapaka mpya, akafunga. Ujira wake shilingi 15,000.

Majaribio yakarudiwa yale yale. Juu ya meza tupu, nyuzi 82. Juu ya vifuniko vya chupa, 79. Juu ya kibao chenye feni, 77. Yaani kusafisha kumeshusha nyuzi 14, na baada ya kusafisha kibao kimezidi vifuniko vya chupa kwa nyuzi 2 tu. Lakini godoroni, hata baada ya kusafishwa, joto lilipanda tena likapita 90, ili tujue kuwa usafi hauhalalishi kuziba matundu.

Baba alikaa kimya kitambo, kisha akamwita bintiye. Mwenzetu atueleza kuwa maneno yake yalikuwa machache: "Mwanangu, nilikudhania. Nisamehe." Binti akasema, "Nimekusamehe, baba, nami ni mkosa wa godoro." Kompyuta ikarudi mezani, na kibao kikarudishwa dukani.

Ndugu wasomaji, katika mafundisho ya Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), kama yalivyopokelewa na Abu Huraira katika mkusanyo wa Imam Muslim, imo habari ya Mtume alipopita sokoni penye chungu ya chakula. Hakuridhika na kuitazama kwa juu, bali alitia mkono ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kuwa kilinyeshewa na mvua, na Mtume akamlaumu kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, akaikemea ghishi makemeo makubwa. Wengi wetu huisoma habari hii tukawafikiria wauzaji peke yao. Lakini imo ndani yake adabu kwa mnunuzi pia, nayo ni kuutia mkono ndani ya chungu. Sisi jioni ile ya kwanza tuliugusa uso wa chungu tukatosheka. Na baba naye aligusa uso wa jambo, yaani binti aliye macho usiku na kompyuta iliyoharibika, akaviunganisha viwili hivyo kwa dhana. Sura ya Al-Hujurat imetuonya juu ya dhana nyingi, na imetuamuru kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tusidhani kuwa amri hiyo ni ya mambo makubwa ya mji tu, kwani ni ya chumba cha kulala na meza ya kusomea pia.

Ama muuzaji, hatutaki kumwita mwongo. Mwenzetu alipomrudishia kibao na kumwonyesha hesabu, alisema, "Nami niliambiwa hivyo hivyo na aliyeniuzia." Huenda alisema kweli. Lakini mwenye kuuza dawa asiyoipima, akasema kuwa tatizo litakwisha, amejitwika mzigo asioujua uzito wake. Neno la haki lingalikuwa hili: kitasaidia kidogo, lakini kwanza safisha.

Wala mtu asifahamu kuwa twavilaani vibao hivi. Kila chombo kina mahali pake. Kibao cha feni chafaa kwa mtu ambaye kompyuta yake ni safi, inavuta hewa kutoka chini, na anaifanyisha kazi nzito kwa saa nyingi katika chumba cha joto, kama wachoraji wa majengo na watengenezaji wa picha za video. Mtu huyo nyuzi 2 au 3 zitamfaa, maana huenda zikamzuilia kompyuta kupunguza mwendo. Kadhalika chafaa kwa mwenye kukosa meza, kwa sababu bamba lake gumu litazuia matundu yasizibwe na kitambaa. Lakini kwa kompyuta isiyo na feni wala matundu ya chini, kama MacBook Air ya prosesa ya M1 iliyotoka mwaka 2020, upepo wa chini hauna mlango wa kuingilia. Utapoza gamba tu, na faida yake ndani ni ndogo.

Basi mwenye haja ya kununua twamshauri haya.

Kwanza, asinunue kabla ya kusafisha. Kompyuta iliyotumika miaka 2 au 3 bila ya kufunguliwa, hasa katika nyumba yenye cherehani, paka au barabara ya vumbi, ipelekwe kwa fundi mwaminifu. Mwenye kujaribu mwenyewe aizime kabisa, achomoe chaja, na anapopuliza vumbi aizuie feni kwa kijiti isizunguke ovyo. Asipulize kwa kinywa, kwani pumzi ina maji.

Pili, ainyanyue nyuma kwa kitu kigumu, kama vifuniko vya chupa au vipande vya mbao. Wako wanaotumia vitabu. Nasi twawakumbusha kuwa kitabu chenye jina la Mwenyezi Mungu ndani yake si kitu cha kuwekwa chini ya chombo.

Tatu, aigeuze kompyuta yake na kutazama matundu yako wapi, kisha atazame feni za kibao ziko wapi. Feni ikiwa chini ya plastiki tupu itapulizia ukuta. Atazame pia feni za kibao zapuliza kwenda juu au zavuta kwenda chini. Kompyuta ikivuta kutoka chini na kibao nacho kikavuta kwenda chini, vitanyang'anyana hewa moja.

Nne, asihadaike na taa za rangi wala na wingi wa feni. Taa hazipozi kitu, na feni 6 ndogo zilizogawana wati 2.5 hazizidi feni 1 kubwa iliyokaa mahali pake, na kelele zake ni nyingi zaidi.

Tano, na hili ni la kifikihi, aitumie haki yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa mwambao, mnunuzi na muuzaji wana khiyari maadamu hawajaachana mahali pa mauziano, tena waweza kushartiana khiyari ya muda usiozidi siku 3. Basi mwambie muuzaji kabla ya kulipa: "Nanunua kwa sharti ya khiyari ya siku 3." Akikubali, nenda nyumbani ukapime mara mbili, feni zikiwa zimezimwa na feni zikiwa zimewashwa, kwa kazi ile ile na saa ile ile. Tofauti ya hizo mbili ndiyo unayoilipia. Ukiona haifai bei yake, rudisha kwa wema kikiwa kizima kama ulivyokichukua. Wauzaji wetu nao wasilione jambo hili kuwa ni usumbufu, kwani biashara yenye kuaminiwa ndiyo yenye kudumu.

Limebaki neno moja juu ya jina lenyewe. Chombo hiki kwa Kiswahili chetu chaitwa mpakato, kutokana na kupakata, kama mama apakatavyo mtoto. Jina ni zuri, lakini twawashauri msilifuate kwa vitendo. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Human Reproduction lilichapa uchunguzi wa Stony Brook, New York, juu ya wanaume 29 waliokaa na kompyuta mapajani kwa saa 1, na joto la sehemu zao za uzazi likaongezeka kwa nyuzi zipitazo 2.5. Mwaka 2011 wachunguzi hao walijaribu kuweka kibao cha kukinga mapaja, wakakuta kuwa hakikuzuia jambo hilo ila kidogo. Na mwaka 2010 jarida la Pediatrics lilieleza habari ya mtoto wa miaka 12 wa Uswisi, ambaye ngozi ya paja lake ilibadilika rangi kwa sababu ya kuweka kompyuta hapo kila siku kwa miezi, akicheza michezo. Basi wazazi, pakateni watoto wenu, na kompyuta iwekeni mezani.

Mama wa Ngamiani, haya ndiyo majibu yetu, ingawa sehemu yake umekwisha kuiona kwa macho yako. Kibubu chako kimetoa shilingi 15,000, nazo 35,000 zimebaki. Mwanao hakuwa mkosa ila wa godoro, na kosa la godoro ni la wengi. Tunakuomba jambo moja tu: cherehani na meza ya kompyuta zitenganishwe, hata kwa pazia, na binti yako awe na nakala ya kazi yake mahali pengine kila anapomaliza kuandika, maana chombo chochote cha binadamu chaweza kuzimika.

Nasi kwa upande wetu tumejifunza. Shauri ni amana, na mwenye kuulizwa aweza kumdhulumu mwenye kuuliza kwa haraka yake, hata akiwa na nia njema. Usiku ule wa kwanza neno letu lilikuwa tayari, nalo lilikuwa kosa. Twamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie, na atupe sisi na ninyi subira ya kupima kabla ya kununua, na kabla ya kulaumu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.